Mhakiki wa Safu ya Pili

"Nilikuwa huko! Nikwambie mara ngapi ndio uelewe?"

"Mpaka nishibe, mwalimu."

"Basi leo hushibi! Wewe ni karau, polisi tu, unajua nini mambo ya jukwaa? Umewahi hata kuona mchezo, wewe? Sio kufukuza watu kwa ukumbi na rungu. Kuona!"

"Punguza sauti."

"Hii ni nyumba yangu! Sauti nitapanga mimi!"

Kuku wa jirani walinyamaza. Mwalimu Nyaga alikuwa amesimama katikati ya chumba chake hapo Githongo, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo, gazeti limekunjwa mkononi kama anataka kupiga nzi. Sajini Njiru wa CID alikuwa amekalia kiti, na kilikuwa kimoja tu, kofia juu ya goti, ametulia tuli. Yeye alikuwa mtu wa Kiambere, chini kule kwa jua kali, na huku Meru watu bado walikuwa wanamwita "yule wa Embu" miaka yote hiyo amekaa nao.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jumamosi iliyopita, mchana kweupe, mtu aliingia kwa Mbaka, mkubwa wa kikundi cha maigizo cha Githongo, akamgonga kichwa na mchi wa kutwangia, akaenda zake. Mbaka hakufa, lakini hakuamka pia. Alikuwa amelala hospitalini Meru, haongei. Jirani yake, mama mmoja anaitwa Ntinyari, alikuwa nje anageuza mbuni yake juani, ile kahawa ya kukauka na maganda, akasikia mwanaume akipiga kelele huko ndani: "Umeninyang'anya! Mbaka, umeninyang'anya!" Sura hakuona.

Jumamosi hiyo hiyo kikundi kilikuwa kimeenda Embu kuonyesha mchezo wao mpya, Chakula cha Jana. Mbaka alibaki nyumbani kwa sababu ya malaria. Mwigizaji mmoja, Kithaka, alibaki pia, na hiyo ilikuwa shida yake. Mbaka alikuwa amempokonya nafasi ya mume kwa huo mchezo akapatia kijana mwingine, na Kithaka alilalamika mpaka soko nzima ikasikia. Sasa nani alinyang'anywa? Kithaka. OCS, mkubwa wa stesheni, hakutaka kusikia jina lingine. Kithaka alikuwa ndani, na Jumatatu asubuhi angepelekwa kortini. Mama yake alikuwa anashinda nje ya stesheni na chakula kwa kikapu, na kila Njiru akipita anamuuliza, "Baba, amekula?"

Lakini Kithaka ni mtu wa kupigana barabarani mbele ya watu, ashangiliwe. Kumfuata mgonjwa ndani ya nyumba, hapana. Tena Njiru alikuwa amesikia Mwalimu Nyaga na Mbaka walikuwa marafiki wa chai kila jioni, halafu tangu Agosti hawasalimiani. Alipoenda kuuliza Nyaga alikuwa wapi Jumamosi, Nyaga hakujibu na mdomo. Alileta gazeti la Ijumaa, moto kutoka kwa duka. Hapo ndani, ukurasa wa sanaa, kulikuwa na uhakiki wa Chakula cha Jana, na chini yake jina: Nyaga, Mhakiki Wetu.

"Haya," Njiru akasema. "Umesema ulikuwa huko. Nani alicheza mume?"

"Unanitega."

"Si ndio kazi yangu?"

Nyaga akacheka kidogo, ile kicheko ya mwalimu akiona mwanafunzi ameiba jibu. "Hakuwa Kithaka. Alikuwa kijana mwingine, koti limemmeza. Alisahau maneno mara mbili, akabaki anamkodolea macho Mukami, yule wa kucheza mama, amkumbushe. Nimeandika hapo, soma. Ama karau hasomi?"

Njiru akachukua gazeti akasoma. Ilikuwa kweli. Huo ndio mtego alikuwa nao na ulikuwa umeshika hewa. Akaendelea kusoma, polepole, mpaka mwisho.

"'Lakini hayo yote yalisahaulika,'" akasoma kwa sauti, "'pale mama alipoinama juu ya sahani iliyofunikwa, akasema: Nimekuwekea chakula. Kama hurudi, niambie, nile mimi. Mwigizaji wa kawaida angelia kwa kelele. Mukami alinong'ona. Nikiwa safu ya pili niliipata kila silabi, na wanawake waliokuwa nyuma yangu walijipangusa macho.'"

"Sasa?" Nyaga akauliza.

"Umeandika vizuri."

"Usinichezee."

"Sikuchezei. Mimi nikiona mchezo naweza kusema tu ulikuwa mzuri ama ulikuwa mrefu."

Hapo Nyaga akapoa kidogo. Ukimgusa kwa kazi yake alikuwa analainika. Akaegemea meza. "Uhakiki sio kusema ulipenda ama hukupenda, Sajini. Unaangalia mwili unasema nini, sauti inasema nini, mwangaza unaanguka wapi. Halafu unageuka unaangalia watu. Watu wanafanya nini wakati ile kitu inatokea? Huwezi andika hiyo kama hukuwa ndani."

"Huwezi?"

"Huwezi."

Njiru akasimama. Juu ya meza, karibu na mkono wa mwalimu, kulikuwa na sahani imefunikwa na sahani nyingine. "Nimekukatiza chakula."

"Hapana. Nimeshakula."

"Una mgeni?"

"Sina," Nyaga akasema, na sauti yake ikapanda tena. "Umemaliza? Mlango huo umevimba, uinue kidogo ndio ufunge."

Njiru akauinua, akafunga. Akasimama nje na gazeti la mwalimu chini ya kwapa. Kitu kimoja kilikuwa kinamkera hapo ndani ya maandishi. Akafungua tena akiwa amesimama hapo kando ya miti ya kahawa. Nyaga alikuwa amemtaja Mukami, amemtaja yule kijana wa koti, amemtaja mpaka mzee wa kuvuta pazia kwamba alichelewa. Mwandishi wa mchezo hakumtaja popote.

*

Kesho yake alikuwa Embu. Alikula hotelini peke yake, na mwenye kuleta chai akamuuliza, "Wewe ni wa Meru?" Njiru akasema ndiyo, kwa sababu kueleza ni kazi.

Ukumbi ulikuwa wa kanisa, mkubwa, kuta za mawe, juu mabati matupu bila silingi. Mukami alikuwa ndani anapanga viti vidogo vya watoto wa Sunday school. Wiki nzima alikuwa mwalimu wa nasari hapo, Jumamosi anapanda Githongo kwa mazoezi. Akipata Jumamosi ya mchezo, ndio anakuwa mwigizaji. Alikuwa msichana mrefu wa sauti ndogo. Njiru akashangaa vile sauti kama hiyo inaweza kujaza ukumbi kama huu.

"Afande, mimi nilishaandikisha kwa polisi," akasema. "Mbaka sikumwona hiyo siku. Kithaka pia sikumwona."

"Najua. Nimekuja kuuliza juu ya Mwalimu Nyaga."

Mkono wake ukasimama juu ya kiti. Kidogo tu. "Ameandika vizuri."

"Alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Wapi?"

"Safu ya pili." Akasema haraka, kama mtoto anayejibu kabla hajaulizwa.

"Ulimwona na macho yako?"

"Nilimwona. Kwani ni makosa mtu kuja kuona mchezo?"

Njiru akazunguka. Nyuma ya jukwaa kulikuwa na kabati ya vitu vya watoto, mlango wazi, na ndani ya huo mlango ule uhakiki ulikuwa umekatwa vizuri na makasi ukabandikwa na uji. Mahali penye jina la Mukami palikuwa pamechakaa kidogo, kama pameguswa guswa. Na gazeti lenyewe lilikuwa limetoka jana tu.

"Nionyeshe," Njiru akasema.

"Nikuonyeshe nini?"

"Pale mwisho. Mimi nitakaa safu ya pili."

Mukami alifikiri anamchezea. Akaona hamchezei. Akapanda jukwaani na viatu vyake vya plastiki, akapiga magoti mbele ya sahani ambayo haikuwepo, na uso wake ukabadilika. Njiru alikuwa amekaa kwa benchi. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mji tangu asubuhi, na hapo ndipo yalipoachilia. Matone ya kwanza yaligonga mabati kama mtu anamwaga mahindi. Halafu yakawa mengi. Halafu ikawa ni kelele moja tu, nene, mpaka benchi likawa linatetemeka.

Mukami hakusimama. Mdomo wake ulifunguka, ukafunga, ukafunguka tena. Macho yake yalikuwa yamejaa. Njiru aliinama mbele, akaweka mkono kwa sikio. Hakusikia kitu. Hata neno moja. Alikuwa safu ya pili na alikuwa anaona meno yake.

Akapanda jukwaani, akamkaribia mpaka karibu na sikio, akapiga kelele: "Jumamosi ilinyesha?"

Mukami akamwangalia. Akaitikia na kichwa.

Walikaa hapo pembeni ya jukwaa, miguu inaning'inia, wakingoja. Hakuna kitu ungefanya. Mvua ilipopungua mpaka mtu angeweza kuongea kama mtu, Njiru akasema: "Ilianza wakati gani?"

"Tulikuwa tumefika katikati. Ndiyo mvua ya kwanza tangu kiangazi, afande, watu hata walishangilia. Mimi nilifikiri wananishangilia." Akacheka, halafu akaacha. "Halafu haikuacha. Tulimaliza tu hivyo. Hatungeacha, watu walikuwa wamekaa."

"Wewe ukanong'ona."

"Mbaka alituambia kunong'ona. Hata ningepiga nduru hawangesikia. Sasa nikaona heri nifanye vile ilifaa."

"Kwa hivyo hakuna mtu alikusikia."

"Hakuna."

"Na hakuna mtu alilia."

Akatikisa kichwa. Alikuwa anaangalia kabati.

"Mukami," Njiru akasema, "Kithaka anaenda kortini Jumatatu. Mbaka akifa itakuwa kesi ya mauaji. Mama ya Kithaka anashinda nje ya stesheni na chakula kila siku. Nani alimwambia mwalimu watu walilia?"

Nje mifereji ilikuwa inamwaga maji kwenye mapipa.

"Alipiga simu Jumapili, ofisi ya kanisa, baada ya ibada," akasema. "Akasema hakuweza kufika, alikuwa na shida ya nyumbani, na mhariri anataka maandishi. Akaniuliza kila kitu. Nani alivaa nini, nani alikosea. Akaniambia nisiseme, atafutwa kazi. Wanafanyanga hivyo, hawa watu wa magazeti. Nikaona si neno."

"Ukamwambia yote isipokuwa mvua."

"Wewe ungemwambia?" Sasa sauti yake haikuwa ndogo. "Mtu anakupigia simu anataka kuandika juu yako, mara ya kwanza maishani. Umwambie watu walikaa wakaangalia mdomo wangu kama samaki? Nikamwambia nilinong'ona na watu wakalia. Akanyamaza kwa simu. Nikafikiri imekatika. Halafu akasema, 'Asante, Mukami. Asante sana.' Kama mimi ndio nimemfanyia kitu."

Njiru akapima hiyo maneno kichwani. "Ulimwambia pia ulisema nini pale mwisho? Maneno yenyewe?"

"Hapana. Hakuuliza."

"Ameyaandika. Yote, kama ulivyokuwa ukisema?"

Mukami akafikiri. Midomo yake ikarudia bila sauti. "Yote."

"Nani ana maneno ya huo mchezo?"

"Mbaka tu. Sisi hatujawahi kupewa karatasi. Alikuwa anasoma, tunarudia, mpaka yanaingia. Na hata yeye alikuwa anakwama, afande. Anafika mahali anasimama, anasema huyu mama hapa anataka nini? Tulikuwa tunacheka. Mtu ameandika mwenyewe na hajui."

Njiru akavaa kofia.

"Hiyo karatasi," Mukami akasema, akionyesha kabati. "Utaichukua?"

"Niko na yangu. Hiyo ikae."

"Lakini sasa ni uongo."

Njiru akamsaidia kupanga viti vilivyobaki, akaenda.

*

Jumapili alasiri Githongo kulikuwa kumetulia, watu wametoka kanisani wamelala. Jua lilikuwa kali na mbuni ya Mama Ntinyari ilikuwa bado imeanikwa.

"Mama, Jumamosi ile ya Mbaka, huku kulinyesha?"

"Kunyesha!" Mama akacheka. "Angalia hii udongo. Mungu amesahau huku, ananyeshea Embu."

Nyaga alifungua mlango yeye mwenyewe. Shati lile lile, kifungo cha juu. Kwa meza kulikuwa na sahani imefunikwa na sahani. Njiru akanyoosha mkono akaifunua. Githeri na viazi, ya asubuhi, baridi, haijaguswa. Akafunika tena.

"Hiyo ni adabu gani?" Nyaga akasema.

"Bibi yako alienda lini, mwalimu?"

"Kaari hana kazi na kesi yako."

"Alienda lini?"

"Mwaka juzi. Nairobi." Akakaa kwa kitanda. "Atarudi ama hatarudi. Hiyo ni yake."

"Na unamwekea."

Nyaga akaangalia ile sahani.

"Nilitoka Embu jana," Njiru akasema. "Nilikaa safu ya pili. Sasa nisaidie. Mukami aliponong'ona, ulisikiaje?"

"Na masikio."

"Ukumbi ulikuwa umetulia?"

"Ungesikia sindano ikianguka."

"Mwalimu," Njiru akasema, na alisema kwa upole sana, "kulikuwa kunanyesha. Mvua ya kwanza, juu ya mabati matupu. Kuanzia katikati mpaka mwisho hakuna mtu alisikia kitu."

Nyaga akafungua mdomo kubisha, halafu akauacha hivyo, wazi.

"Mukami aliona haya kukwambia," Njiru akaendelea. "Lakini maneno ya mwisho hakukuambia, na wewe unayo. Waigizaji hawana karatasi. Mbaka alikuwa nayo, na Mbaka hata hakuwa anaielewa. Umemtaja mpaka mvuta pazia, mwalimu, lakini mwandishi ukamruka. Hungeweza kuandika jina la Mbaka hapo, na lako pia hungeweza. Huo mchezo ni wako."

Kuku walikuwa wanachakura nje. Nyaga aliangalia mikono yake.

"Nilimpea asome tu," akasema mwishowe. "Alikuwa rafiki yangu. Ndiye mtu alikuwa anakuja hapa. Halafu Agosti naona karatasi imebandikwa kwa ukuta wa posta, mchezo mpya, umeandikwa na Mbaka. Nikanyamaza. Nikasema, labda ni makosa ya mwenye kuchapa. Nikangoja aje aniambie. Hakuja."

"Ukaenda Jumamosi."

"Nilijua wenzake wameenda Embu. Nilienda kuomba jina, Sajini. Jina tu, hata chini kwa herufi ndogo. Alikuwa amelala kwa kochi na blanketi. Akacheka. Akaniambia, 'Sasa nani atakuja kuona mchezo wa mwanaume ameachwa na bibi, kama si mimi naugeuza nasema ni mwanamke?'" Akashika kifungo cha shingo. "Nikampigia kelele. Mchi ulikuwa hapo mlangoni. Sikuwa nimeuendea."

"Na uhakiki?"

"Ulikuwa mchezo mzuri." Akainua macho. "Nani mwingine angesema?"

Njiru akatoa pingu mfukoni, akaziangalia, akazirudisha. "Kithaka lazima atoke leo. Twende ukaandikishe."

"Ndiyo." Nyaga hakusimama. "Hakuna mtu alisikia?"

"Hakuna."

"Hata mmoja? Hata wa mbele kabisa?"

"Hata mmoja."

"Walifanya nini? Watu. Pale mwisho."

Njiru akafikiri kumdanganya. Halafu akaona huyu mtu ameshadanganywa juu ya hii kitu na mtu mwenye nia njema kuliko yake. "Walikaa," akasema. "Waliangalia mdomo wake ukisonga. Pazia lilipofungwa, mvua ikawashika hapo ndani mpaka ikaisha. Halafu wakaenda kwao."

Nyaga akatikisa kichwa polepole, vile anatikisa akisahihisha insha. "Walikaa," akasema. "Hawakutoka."

"Wangetoka waende wapi, na mvua?"

"Hiyo pia ni kweli."

Akasimama, akavaa koti. Akazima redio ambayo Njiru hakuwa hata amesikia inaongea. Akafika mezani, akainua ile sahani, akaishika muda hivi kama anaipima uzito, akairudisha mahali pake na kunyoosha ile ya kufunika ikae sawa.

"Kufuli iko wapi?" Njiru akauliza.

"Hapana," Nyaga akasema. "Wacha hivyo. Mtu anaweza kuja."

Akatoka, akauinua mlango kidogo vile ulikuwa unataka, akaufunga.